Namna ya kutambua muungano wa Martin-Gruber unapopima neva za mkono

Ukipima neva ya ulna, ile ya upande wa kidole cha mwisho, ukakuta wimbi la msuli (mwitikio wake wa umeme neva inaposhtuliwa) ni kubwa kifundoni mwa mkono na dogo chini ya kiwiko, usikimbilie kuandika kwamba neva imeziba, yaani haipitishi umeme wote. Baadhi ya watu wana nyuzi za neva ya mediani, ile ya katikati ya mkono, zinazovukia kwenye ulna ndani ya kigasha na kushuka nayo hadi kiganjani. Roger Martin wa Uswidi aliueleza muungano huu mwaka 1763, Wenzel Gruber akauchunguza zaidi mwaka 1870. Si ugonjwa, wala si jambo la nadra.

Ngozi ya mkono iwe na nyuzijoto 32 za Selsiasi au zaidi. Bandika elektrodi ya kunasa juu ya msuli unaotanua kidole cha mwisho, na ya pili kwenye shina la kidole hicho. Shtua ulna kifundoni, kisha sentimita 3 hadi 4 chini ya kinundu cha ndani cha kiwiko. Ongeza umeme mpaka wimbi liache kukua, halafu zidisha asilimia 20. Hapa ndipo wengi hukosea: ukishuka mbali na kiwiko, neva imezama chini ya misuli, umeme haufikii nyuzi zote, na wimbi hupungua kwa sababu hiyo tu.

Tuseme kifundoni umepata milivolti 10, chini ya kiwiko 6. Elektrodi ziache palepale. Shtua mediani kifundoni, kisha kwenye mkunjo wa kiwiko. Kifundoni pasitokee kitu. Mkunjoni likitokea wimbi la milivolti 4 hivi, hizo ndizo zilizopungua. Ukipata wimbi kifundoni pia, punguza umeme. Huenda umerukia ulna iliyo jirani. Na mkunjoni pasipotokea kitu, rudia vipimo vya ulna kwa umeme wa kutosha kabla ya kutaja kuziba.

Pima pia msuli ulio kati ya gumba na kidole cha shahada, maana nyuzi nyingi zinazovuka huishia hapo. Misuli ya gumba huchangia wimbi dogo hata mediani ikishtuliwa kifundoni, kwa hiyo kinachotafutwa ni wimbi la mkunjoni kulizidi la kifundoni waziwazi.

Kwa mgonjwa ambaye mediani yake imebanwa kifundoni, muungano huu hujionyesha kwa namna nyingine unapopima mediani yenyewe, elektrodi zikiwa kwenye misuli ya gumba: kasi ya umeme kigashani inapita kiasi, na wimbi la mkunjoni peke yake linaanza kwa kuzama. Nyuzi zilizovuka hazipiti mahali palipobanwa, hivyo hufika mapema. Kasi hiyo si ya kweli. Usiiandike kwenye ripoti.