FreeCAD inajifunga yenyewe kwenye Linux? Isikilize kabla hujaifuta

Jumamosi moja nilikuwa karakana ya kuchomelea kule Nyakato, hapa Mwanza, nachora bano la kufungia injini ya mtumbwi. Mwenye mtumbwi, mvuvi wa Kirumba, alikuwa amekaa nje kwenye benchi anasubiri. Kila nikifika kwenye kuviringa kingo, FreeCAD, programu ninayochorea vifaa vya 3D, inapotea kwenye skrini. Hakuna onyo wala ujumbe. Kijana wa pale akaniambia, "Kaka, ifute uiweke upya, mimi ndivyo nafanyaga."

Mara nyingi hiyo haisaidii. Mipangilio yako haikai pamoja na programu, inakaa kwenye folda yako ya nyumbani, na ukifuta programu yenyewe inabaki palepale. Kama ugonjwa uko huko, umechoma bando bure. Fuata njia hii; amri ni za Ubuntu, Debian na Mint.

Hatua ya 1: Iwashe kutoka terminali

Ukiiwasha kwa ikoni, inakufa kimya. Ukiiita kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, inaacha maneno ya mwisho:

`freecad`

Rudia kitendo kilekile kilichoiua, kisha usifunge terminali. Soma mistari ya mwisho.

Ukikuta neno `Killed` peke yake, kompyuta imeishiwa kumbukumbu. Nenda hatua ya 2.

Ukikuta `Segmentation fault` na chini yake mistari inayoanza na #0, #1, #2, usiogope ule msitu wa herufi. Unachotafuta ni majina ya maktaba tu. Ukiona `nouveau`, `nvidia`, `iris` au `gallium`, mshukiwa ni upande wa picha (hatua ya 3). Ukiona njia yenye `FreeCAD/Mod`, mshukiwa ni nyongeza uliyoipakua (hatua ya 4). Na ukiona majina yanayoanza na `libTK`, kama `libTKFillet` au `libTKBool`, hizo ni maktaba za OpenCASCADE, ile injini inayopiga hesabu za maumbo. Hapo kompyuta yako haina kosa, ni mchoro (hatua ya 6).

Nakili mistari hiyo mahali. Utaihitaji ukiomba msaada, kwa sababu "inajifunga tu" haimsaidii mtu yeyote kukusaidia.

Hatua ya 2: Kumbukumbu

`sudo dmesg | grep -i "out of memory"`

Likitokea jina la FreeCAD, kerneli, yaani kiini cha Linux, ndiyo iliyoiua ili kuokoa mashine nzima. Laptopu nyingi za mtumba tunazonunua zina RAM ya GB 4, na ukiwa umefungua kivinjari chenye vichupo 20 hakibaki kitu. Angalia kwa `free -h`. Funga kivinjari kwanza. Ikibana bado, ongeza swapu, yaani sehemu ya diski inayotumika kama kumbukumbu ya ziada:

`sudo fallocate -l 4G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Ukizima mashine, swapu hii haitajiwasha tena yenyewe mpaka uiandike kwenye `/etc/fstab`.

Hatua ya 3: Picha

Jaribu amri hizi mbili, moja baada ya nyingine, si kwa pamoja:

`QT_QPA_PLATFORM=xcb freecad`
`LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 freecad`

Ya kwanza inaikwepa Wayland, mfumo wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Ya pili inamwachia prosesa kazi ya kuchora badala ya kadi ya picha. Itakuwa nzito kama mtumbwi uliojaa maji, lakini isipojifunga umeshapata jibu: draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha. Sasisha mfumo, halafu uiwashe kawaida.

Hatua ya 4: Mipangilio na nyongeza

Usifute kitu. Badili majina tu:

`mv ~/.config/FreeCAD ~/.config/FreeCAD.zamani`
`mv ~/.local/share/FreeCAD ~/.local/share/FreeCAD.zamani`

Iwashe. Ikitulia, rudisha nyongeza zako moja moja kutoka folda ya `Mod` ya zamani, ukijaribu kila mara. Waliotumia Flatpak watafute folda hizo ndani ya `~/.var/app`; wa Snap, ndani ya `~/snap`.

Hatua ya 5: Faili moja tu ndilo linaloua?

Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, na betri ya laptopu ilishakufa zamani, faili linaweza kubaki nusu. Faili la FCStd, yaani faili la mchoro wa FreeCAD, kwa kweli ni zipu, kwa hiyo lipime:

`unzip -t bano.FCStd`

Likileta makosa, angalia folda hiyohiyo kama kuna lenye mwisho wa `.FCBak`. Ni nakala ya kabla ya hapo. Linakili, badili mwisho uwe `.FCStd`, fungua. Kwenye mipangilio ya nyaraka, uhifadhi wa akiba umewekwa kila dakika 15; mimi nimeweka 5.

Hatua ya 6: Umbo lenyewe

Hapa ndipo bano letu lilipokuwa. Terminali ilitaja `libTKFillet`. Flati bali, kile chuma bapa cha bano, ilikuwa na unene wa mm 10, nami nilikuwa naweka fileti (kingo iliyoviringwa) ya mm 5 kila upande. Tano na tano ni kumi: ule uso mwembamba wa katikati unabaki na upana sifuri, na OpenCASCADE haipendi kabisa uso unaotoweka. Wakati mwingine inakupa ujumbe wa kosa, wakati mwingine inaanguka na programu yote.

Dawa ni kupunguza nusukipenyo kidogo, hata 4.9 inatosha. Weka fileti mwisho kabisa wa kazi, baada ya matundu na mikato yote, na uziweke kwa mafungu: kingo mbili, hifadhi, kingo mbili, hifadhi. Ukitaka kujua kama umbo lilikuwa bovu tangu mwanzo, kwenye Part, mojawapo ya seti za zana ndani ya FreeCAD, kuna zana ya kukagua jiometri. Itakuonyesha uso wenye kasoro.

Niliweka 4.9. Fundi alipomaliza kuchomelea, alipitisha grenda pembeni, na ile tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita ikaishia kwenye cheche.