Tazama namba kabla ya kulaumu bando
Ukiwa Mwanjelwa au Mafinga na ukurasa ukagoma kufunguka, usikimbilie kununua bando jingine. Tazama kwanza kama kioo kinaonyesha namba yenye tarakimu tatu. Kila unapobofya kiungo, kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome, hutuma ombi kwa seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, na seva, hata inapokataa, hurudisha jibu lenye namba hiyo mwanzoni, kwa hiyo kuiona ni dalili kwamba ombi lako limefika na kujibiwa. Namba 404 ina maana kwamba seva imepatikana lakini ukurasa ulioomba haupo, mara nyingi kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa kwenye anwani, ilhali 403 ni kunyimwa ruhusa. Zinazoanzia 500 ni hitilafu ya upande wa seva. 503, kwa mfano, huweza kutokea inapoelemewa na maombi, na hapo kubofya mara kumi mfululizo ni kuiongezea mzigo tu, hivyo subiri dakika chache. Kivinjari kikisema kimeshindwa kuunganishwa bila kutaja namba yoyote ya aina hiyo, ndipo ukague salio lako, au upande kilimani kidogo, maana mabonde yetu hayana huruma na mawimbi ya simu.