Jinsi ya kurusha droni kwa Litchi hapa Kigoma bila kuipoteza ziwani

Wadau wa picha za angani, nimeulizwa hii kitu mara nyingi sana na vijana wa hapa Kigoma na wa Ujiji, kwamba mbona video zako za Kibirizi droni inapita njia ile ile kila siku kama imewekewa reli, unafanyaje? Natumia Litchi, programu ya simu ya kuipangia droni safari. Nitaeleza yote ninayoyajua, maana nimeona watu wanainunua, wanaifungua mara moja, inawachanganya, wanaiacha.

Mimi nina Mini 2 ya kampuni ya DJI, ile ndogo ya gramu 249. Picha zake safi, lakini programu yake yenyewe, DJI Fly, haikupi namna ya kuipangia safari droni hiyo, yaani uiambie pita hapa, nenda pale, panda kidogo, kamera itazame boti, halafu rudi. Litchi inakupa. Ukitaka kuonyesha ufukwe ulivyokuwa kiangazi na unavyokuwa maji ya ziwa yakipanda, unarusha safari ile ile mara mbili, unaziweka video pamoja zinakaa sawa kabisa. Kwa mkono huwezi hata uwe fundi kiasi gani.

Kabla hujalipia, hakikisha droni yako ipo kwenye orodha yao, maana haikubali zote. Na kama rimoti yako ni ile ya DJI RC yenye kioo chake ndani, hiyo haikuruhusu kuingiza programu ya watu wengine, unahitaji rimoti ya kuchomeka simu. Litchi ni ya kulipia, kwa hiyo uwe na kadi ya Visa, hata ile ya mtandaoni inayotolewa na mitandao ya simu inatosha.

DJI Fly usiifute. Kuiwasha droni mpya kwa mara ya kwanza, kuiapdeti, kukalibreti dira, vyote hivyo vinafanyika kule. Ila siku ya kurusha hakikisha umeifunga kabisa, nenda kwenye setingi za simu uibonyeze Force stop, kwa sababu programu mbili haziwezi kushika rimoti moja, na wengi wanaosema "Litchi haikonekti" tatizo lao ni hilo tu, DJI Fly imejificha nyuma imeng'ang'ania kebo.

Fungua Litchi ukiwa nyumbani kwenye bando zuri, ingia na akaunti yako ya DJI itakapokuuliza, halafu ivute ramani ya eneo unaloenda, ikuze, izungushe, mpaka picha za setelaiti zikae kwenye simu. Ukifika ufukweni mtandao ukasuasua ramani bado unayo. Ukisahau hilo utakaa na kioo cheupe mkononi huku jua linazama.

Kupanga safari mimi napenda kwenye kompyuta, kwenye ukurasa wao unaoitwa Mission Hub. Klik ya kushoto inaweka kituo cha droni kupita, klik ya kulia inaweka kitu cha kutazamwa na kamera, mfano mtumbwi ulioegeshwa au jengo la stesheni ya reli. Spidi kwa video weka mita 3 hadi 5 kwa sekunde, zaidi ya hapo mtazamaji anapata kizunguzungu. Kona ukichagua za kupinda droni inapita laini bila kusimama, inapendeza, ila ujue kwenye kona hizo haitekelezi maagizo kama piga picha au subiri sekunde kumi, ukitaka maagizo chagua mistari iliyonyooka. Mwisho wa safari usiache None, maana hapo droni ikimaliza inaning'inia tu hewani inakula betri, weka irudi nyumbani. Hifadhi, halafu fungua Litchi ya kwenye simu ukiwa bado na intaneti safari ishuke.

Sasa tuje kwenye urefu, na hapa naomba msome taratibu, maana mji wetu ni wa vilima vinavyoshuka mpaka majini na hapa ndipo droni zinapoangamia. Mita unazoandika kwenye kituo zinahesabiwa kuanzia pale droni ilipopaa, siyo kutoka kwenye ardhi iliyo chini yake wakati huo. Ukipaa ufukweni ukaandika mita 50, halafu njia inapita juu ya kilima kilichoinuka mita 60 kutoka ziwani, droni haijui habari ya kilima, inakwenda kukigonga. Na Mini 2 haina macho ya mbele, sensa zake ni za chini tu. Mimi iliwahi kunikuta, safari niliipanga nikijua nitapaa kutoka juu kilimani, siku hiyo nikachelewa nikaona nipae tu kutoka chini kwenye mchanga, kumbe nimeishusha safari nzima kwa tofauti ile ile, droni ikaenda moja kwa moja kwenye miembe. Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha ikiwa imebaki kama hatua tano, mikono inatetemeka. Kwa hiyo paa pale pale ulipopangia, ukibadilisha mahali panga upya. Mission Hub ina uwezo wa kuhesabu urefu kutoka ardhini, itumie, ila ramani hiyo inajua ardhi tu, haijui mti wala mnara wa simu, ongeza mita za kutosha juu yake.

Urefu wa kurudi nyumbani nao uuweke kabla hujapaa, uzidi kitu kirefu kuliko vyote vilivyopo kati yako na droni.

Jambo la pili ni mawasiliano. Droni za zamani kidogo kama Phantom 4 na Mavic 2 zinabeba safari nzima ndani yake, hata zikipoteza rimoti zinaendelea. Mini 2 siyo hivyo, simu ndiyo inayoiongoza hatua kwa hatua kupitia rimoti, mawasiliano yakikatika safari inakatika na droni inaanza kurudi. Kwa hiyo usipange njia inayozunguka nyuma ya kilima ambako rimoti haioni, na zuia simu za kupigiwa zisiingie, mjomba akikupigia katikati ya safari atakuharibia. Kingine, swichi ya rimoti ikae N, mwendo wa kawaida, muda wote. Ukiona mambo hayaeleweki isogeze kwenda S, ile ya mwendo kasi, safari inakatika hapo hapo na unarudishiwa vijiti vya kuongozea. Na hata simu ikizima kabisa usipanike, vijiti na kitufe cha kurudi nyumbani vipo kwenye rimoti na vinafanya kazi bila simu. Fanyeni mazoezi ya hilo uwanjani kwanza, siyo juu ya maji.

Juu ya ziwa msishuke sana. Sensa za chini zinasoma sakafu, maji yanayometameta yanazidanganya, mimi sishuki chini ya mita 10. Ukiirusha kutoka kwenye boti ndiyo uwe makini zaidi, droni inakumbuka pale ilipopaa, boti ikisogea, droni inarudi pale pale penye maji matupu, hapo lazima uirudishe kwa mkono. Na upepo: kuanzia Mei hadi Agosti ule wa kusini unavuma kweli kweli, panga safari ianze kwenda upande upepo unakotoka ili kurudi usukumwe. Betri ikifika asilimia 35 mimi nageuza, hata kama picha ni tamu.

Kibali mnakijua, droni Tanzania inasajiliwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na Litchi haikuondolei wajibu huo wala haifungui maeneo ambayo DJI imeyafunga karibu na uwanja wa ndege. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa, bila kibali cha TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi hizo, usithubutu. Bandarini na karibu na mpaka uliza wahusika kwanza.

La mwisho ni pale mialoni kwenye dagaa. Kina mama wameanika, dagaa zimetandazwa chini, na feni za droni zikishuka karibu zinarusha mchanga wote juu ya mali ya mtu. Nenda kwanza usalimie, "shikamoo mama, naomba kupiga picha kwa juu", mwambie utapaa wapi na utatua wapi. Mimi hutembea na kipande cha turubai, natandika mbali na vichanja, na droni ikifika mita tano juu yake naishika mwenyewe kwa vijiti naishusha taratibu, kutua sijawahi kuiachia Litchi.