Filamu zako pendwa za mwaka mmoja: namna ya kuzichuja hadi zibaki kumi

Kabla hujaandika jina la filamu hata moja, andika juu ya ukurasa sheria utakayotumia kuhesabu mwaka. Orodha nyingi huharibikia hapa, na mwenyewe huwa hajui mpaka mtu amuulize, "Hii si ya mwaka jana?"

Chukua Casablanca. Ilionyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 26 Novemba 1942, ikasambazwa Marekani nzima Januari 1943, na Oscar ya filamu bora ikaipata kwa hesabu ya mwaka 1943. Je, ni ya 1942 au 1943? Majibu yote mawili yana haki yake, ila huwezi kuyatumia yote mawili ndani ya orodha moja. The Hurt Locker ilionekana kwenye tamasha la Venice mwaka 2008, ikaingia kumbi za Marekani katikati ya 2009, na Oscar yake ikatolewa Machi 2010. Asiye na sheria ataiweka kwenye orodha mbili, au ataikosa kote.

Sheria zinazotumika ni mbili. Ya kwanza ni tarehe ya onyesho la kwanza la hadharani popote duniani, hata kama ni kwenye tamasha. Ndiyo njia ya IMDb, kanzidata ya filamu ya mtandaoni, na ndiyo maana huko The Hurt Locker ina 2008. Ya pili ni tarehe filamu ilipoanza kuonyeshwa kibiashara nchini kwako, ukumbini au mtandaoni. Kwa sheria hii ya pili wahakiki wa Marekani waliweka L'Armée des ombres, filamu ya mwongozaji Mfaransa Jean-Pierre Melville, kwenye orodha zao za 2006, ingawa Ufaransa ilitoka 1969 na Melville alikuwa ameshafariki tangu 1973. Inachekesha kidogo, lakini kwa kanuni yao hawakukosea.

Kama unaorodhesha mwaka wa zamani, tuseme 1974 au 1999, tumia sheria ya kwanza. Tarehe zimeshatulia na filamu zinapatikana. Kama ni mwaka uliomalizika juzi, ya pili ni ya busara zaidi, kwa sababu filamu iliyozinduliwa kwenye tamasha la Septemba mara nyingi mtazamaji wa kawaida haipati hadi mwaka unaofuata, na kuiadhibu kwa hilo si haki. Kuhesabu kwa mwaka ulioiona wewe ni jambo jingine. Hiyo ni shajara, nzuri kwa kazi yake, ila usiiite orodha ya filamu za mwaka.

Jihadhari na tuzo. Mwaka wa sherehe si mwaka wa filamu: Oscar huzawadia filamu za mwaka uliotangulia. Kuna hata mwaka mipaka ilivutwa: kwa sababu ya janga la korona, filamu zilizoshindania Oscar kwa hesabu ya mwaka 2020 ziliruhusiwa kutoka hadi tarehe 28 Februari 2021. Ukinakili orodha ya wateule bila kukagua tarehe, filamu za miaka miwili zitaingia kama za mwaka mmoja.

Palepale juu ya ukurasa amua na mengine mawili. Filamu fupi zimo? Chuo kinachotoa Oscar huita filamu ndefu ile inayozidi dakika 40, na kipimo hicho kinatosha. Na tamthilia za vipindi? Ushauri wetu ni kuziacha nje. Saa nane za hadithi na saa mbili za hadithi hazipimwi kwa mizani moja. Filamu za uhalisia (dokumentari) na za katuni ziingie bila masharti; kuzitengea chumba chake ni namna ya kuzinyima kiti mezani.

Kukusanya

Kumbukumbu haifai kwa kazi hii. Ukikaa na kalamu ukajiuliza umeona nini mwaka huu, zitakuja za miezi miwili mitatu ya mwisho na zile zilizopigiwa kelele. Ya Februari, iliyokufanya ukae kimya nusu saa, haitakuja. Kwa hiyo anza na ushahidi: historia ya kutazama kwenye kila programu unayotumia, risiti za tiketi, ujumbe uliowatumia rafiki usiku ule. Kisha pitia orodha ya filamu zilizotoka, mwezi kwa mwezi. Ukimaliza, fungua orodha za mashindano ya matamasha ya filamu ya Berlin, Cannes na Venice za mwaka huo. Huko ndiko huibuka filamu uliyoiona kwa jina jingine ukaisahau.

Tengeneza jedwali la safu tano: jina la asili, mwongozaji, tarehe kwa sheria uliyochagua, tarehe uliyoiona, na uliionaje (ukumbini, televisheni, simu). Jina la asili linakuokoa na kuhesabu filamu moja mara mbili kwa majina mawili ya tafsiri. Jina la mwongozaji linatenganisha filamu mbili zilizotoka karibu karibu zikiwa na jina moja, jambo linalotokea kuliko unavyodhani. Safu ya tano utaiona haina maana leo, ila ndiyo itakayofanya kazi kubwa baadaye.

Hesabu ulichopata. Ili kumi bora ziwe na maana, uwe umeona kama 40. Ukiwa na 15, tengeneza orodha ya tano. Kumi zilizochaguliwa kutoka kumi na mbili si uteuzi, ni daftari la mahudhurio.

Zile ambazo hujaziona na unajua zingeweza kuingia, ziandike pembeni kama deni. Deni lisizidi filamu nane. Nane ni takriban saa 16 za kutazama, kiasi ambacho mtu mwenye kazi hukimaliza ndani ya mwezi; zikifika ishirini utaziacha zote. Weka siku ya kufunga, na ikifika funga kweli, hata kama zimebaki mbili.

Maandishi ya usiku uleule

Ukiwa bado mwaka unaendelea, andika mistari mitatu kila baada ya filamu, kabla hujasoma uhakiki wa mtu yeyote: onyesho lililobaki kichwani, kitu kilichokukera, na hali uliyokuwa nayo (uchovu, njaa, mliketi wangapi). Basi. Nyota usizitoe bado. Nyota nne za Januari na nyota nne za Novemba si kitu kimoja, kwa sababu mkono wa anayetoa hubadilika polepole: mwanzoni mwa mwaka ni mkarimu, baada ya filamu thelathini unakuwa mchoyo. Kama lazima utoe alama, zitoe zote siku moja, kikao kimoja.

Kutazama mara ya pili

Kutoka kwenye jedwali, toa zile 15 hadi 20 ambazo moyo unazitaka. Huna muda wa kuzirudia zote, wala haina haja. Rudia ya kwanza mpaka ya tatu, na zile zinazogombania nafasi ya 9 hadi ya 12. Zilizo katikati hazina ugomvi. Anayeingia na anayetoka huamuliwa mlangoni.

Sasa iangalie ile safu ya tano. Filamu uliyoiona kwenye simu ndani ya basi imeonewa. Uliyoiona kwenye ukumbi uliojaa watu wanaopiga makofi imependelewa. Za aina hizo mbili zipewe kipaumbele cha kurudiwa, na zibadilishiwe mazingira: ya simu uione kwenye kioo kikubwa, ya ukumbini uione peke yako.

Kagua pia umeona nakala ipi. Filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini matoleo ya televisheni ya PAL, mfumo wa matangazo uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huziendesha kwa picha 25. Filamu ya dakika 120 inakuwa ya dakika 115 na sauti za waigizaji zinaweza kupanda kidogo. Hapo hakuna kilichokatwa. Lakini ukikuta nakala ya dakika 104, kuna maonyesho yameondolewa, na hukumu yako ni ya kitu kingine. Tatizo la pili ni upana. Filamu iliyopigwa kwa uwiano wa 2.39 kwa 1, ikilazimishwa kujaza kioo cha kawaida cha televisheni cha 16 kwa 9, hupoteza karibu robo ya picha pembeni. Utawaona watu wawili wakizungumza huku mmoja amebaki pua tu, kisha umlaumu mpiga picha. Dalili ni hiyo hiyo: nyuso zilizokatwa pembeni na kamera inayosogea bila sababu.

Kama filamu ina matoleo kadhaa, mwaka unabaki wa toleo la kwanza, ila taja ulichoona. Blade Runner ni ya 1982 hata kama ulitazama toleo la 1992 au la 2007, na matoleo hayo yanatofautiana na lile la 1982 hasa mwishoni, kwa hiyo msomaji anahitaji kujua.

Kuzipanga

Chagua swali moja na ulishike hadi mwisho. "Ipi ni bora?" na "ipi naipenda?" ni maswali mawili tofauti, na hii ni orodha ya pendwa. Swali linalofanya kazi vizuri ni hili: nikiwa na jioni moja tu, kati ya hizi mbili nitawasha ipi? Usiipe filamu pointi za picha, pointi za uigizaji, pointi za muziki kisha ujumlishe. Jumla hiyo huipa ushindi filamu isiyo na kosa wala roho.

Kulinganisha kila filamu na kila nyingine kunachosha: filamu 10 zinatoa jozi 45, na 20 zinatoa 190. Njia nyepesi ni kuingiza moja moja. Tuseme saba zimeshapangwa na umeshika ya nane. Ilinganishe na ya 4, iliyo katikati. Imeshinda? Nenda kwa ya 2. Imeshindwa na ya 2? Ilinganishe na ya 3. Ikiishinda ya 3, inakaa hapo na nyingine zinashuka. Maswali matatu tu. Hata orodha ikifika kumi, filamu mpya haihitaji maswali zaidi ya manne kupata kiti chake.

Wakati mwingine utajikuta kwenye mduara: A inaishinda B, B inaishinda C, halafu C inaishinda A. Maana yake umebadilisha swali njiani, kwa kawaida kutoka kupenda kwenda kuheshimu. Rudia jozi hizo tatu kesho yake kwa swali lilelile. Mduara ukibaki, ziandike sare. Si lazima upange namba: kura maarufu ya Sight and Sound, jarida la filamu la Uingereza, inayofanyika kila baada ya miaka 10 tangu 1952, huomba filamu 10 kwa kila mpiga kura, na zote kumi zina uzito sawa.

Ukishamaliza, itazame kwa jicho la shaka. Je, kuna filamu imewekwa ili uonekane umeona mbali? Je, kuna vichekesho hata kimoja? Vichekesho na filamu za kutisha huonewa sana kwenye orodha hizi, kwa kuwa kicheko na woga huisha usiku uleule huku huzuni ikijifanya hekima kwa wiki nzima. Ile mistari mitatu uliyoandika papo hapo ndiyo itakayozitetea. Kwa upande mwingine, usigawe nafasi kama posho, moja ya nchi hii, moja ya aina ile. Kama mwongozaji mmoja alitoa mbili na zote unazipenda, ziweke zote.

Maelezo ya kila filamu

Maneno 40 hadi 70 yanatosha. Usisimulie hadithi, onyesha kitu kimoja kwa karibu. Tuchukue Moonlight ya Barry Jenkins, ya 2016. Mtu ataandika: "Filamu yenye hisia kali, uigizaji wa hali ya juu, inagusa moyo." Sentensi hiyo ukiibandika kwenye filamu nyingine mia itakaa bila kulegea. Sasa linganisha: "Juan amemshika mtoto kichwa baharini, anamfundisha kuelea. Kamera iko usawa wa maji, mawimbi yanapiga lenzi, nasi tunameza maji pamoja naye. Kwa dakika hiyo mtoto ana baba." Asiyeiona atajua anachokwenda kutafuta, na mwisho haujaguswa.

Sifa zimfikie mwenye kazi. Mwanga mzuri si lazima uwe wa mwongozaji. Tazama majina yanayopita mwishoni mwa filamu ujue nani alipiga picha na nani alihariri, maana kosa la aina hii msomaji mjuzi hulikamata mara moja na baada ya hapo hakuamini tena.

Chini kabisa andika tarehe uliyofunga orodha, sheria ya mwaka uliyotumia, idadi ya filamu ulizoona, na yale madeni yaliyobaki. Ifungue tena baada ya miezi 12. Mara nyingi mbili au tatu zitakuwa zimeshuka na moja ya deni itadai kiti. Usifute ya zamani. Iache ilivyo na uandike mpya chini yake, na tarehe yake.