Faili lako likiwa kwenye mfumo: namna ya kupeleka maoni kwa watunga sheria

Nauza nyanya na vitunguu hapa Ilula, mkoani Iringa, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya. Nina kisukari, kliniki siachi, na ni mwakilishi wa wananchi kwenye kamati ya usimamizi ya kituo cha afya. Tangu mafaili ya makaratasi yaanze kupungua na kompyuta kukaa mapokezi, watu wananiuliza: nani ameruhusiwa kuona ugonjwa wangu? Sheria ndiyo inayojibu, na kila muswada, yaani rasimu ya sheria, unapopelekwa bungeni, sisi wagonjwa tunayo nafasi ya kuusemea kabla haujapita.

Soma kwanza sheria iliyopo. Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ipo kwa Kiswahili. Inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Inakupa haki ya kujua kinachotunzwa juu yako na kuomba kisahihishwe kikiwa na kosa, na imeunda Tume ya kupokea malalamiko. Ukishaijua hutapoteza barua kuomba ulichokwisha kupewa. Utadai undani: nani hasa afungue faili, kwa kazi gani, na mgonjwa atajuaje.

Huku kwetu undani huo ni mzito. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Wapo wanaopanda basi kwenda kuchukulia dawa wilaya nyingine ili jirani asiwaone dirishani. Mfumo unaosomeka kila kituo unamfuata mtu huyo hadi kule alikokimbilia faragha. Tena unaweza kumwokoa akizidiwa ugenini. Yote mawili ni kweli, na maoni mazuri huyabeba yote mawili.

Sasa kuandika, na hapa usiwe na haraka. "Tunaomba siri zetu zilindwe" haimsaidii mwandishi wa sheria, kwa sababu hakuna anayepinga. Anza na tukio. Katika kituo kimoja nilichotibiwa, kioo cha kompyuta kilielekea foleni na wahudumu walitumia nenosiri moja wote. Tukio hilo ukilichambua linazaa madai mawili. La kioo ni la utaratibu wa kituo. Lipeleke kwenye kamati yenu au Bodi ya Afya ya Halmashauri, limalizike huko. La nenosiri ni la sheria, maana bila kila mtu kuwa na lake, hata akitafutwa aliyevujisha hapatikani.

Kisha pendekeza maneno yenyewe, kama yatakavyosomeka kwenye kifungu. Mimi ningeandika hivi: "Mtoa huduma atatunza orodha ya kila mtu aliyefungua taarifa za mgonjwa, pamoja na tarehe na saa, na atampatia mgonjwa nakala ya orodha hiyo bila malipo ndani ya siku 14 tangu alipoiomba." Taja namba ya kifungu unachotaka kibadilishwe, sababu kwa mistari michache, halafu maneno yako. Kurasa mbili zinatosha. Usitaje jina wala ugonjwa wa mtu mwingine, hata kama amekuruhusu kwa mdomo. Barua hiyo itapita mikono mingi.

Kuandika na wenzako kuna uzito zaidi. Waulize wa kliniki ya kisukari, kina mama wa kliniki ya watoto, wazee wanaotibiwa kwa msamaha wa malipo, na asiyejua kusoma pia. Huyo wa mwisho ndiye atakayekuambia kwamba ridhaa ya maandishi kwake ni dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa.

Muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati ya Bunge, na kamati hualika wadau. Hapo ndipo pa kuwahi. Tangazo hutoka kwenye tovuti ya Bunge na magazetini, na muda huwa mfupi, hasa muswada ukija kwa hati ya dharura, yaani ukiharakishwa. Kwa hiyo barua iwe imeshaiva kabla; ibaki kujaza namba za vifungu. Mwandikie Katibu wa Bunge, nakala kwa mbunge wako. Kutoka Iringa, Dodoma ni njia ya Mtera tu, kwa hiyo anayeweza kwenda kusema mwenyewe aende. Akipeleka kwa mkono abebe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi na arudi nayo.

Muswada ukirudi bungeni kusomwa mara ya pili, sikiliza taarifa ya kamati na utafute jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ya muswada, uone kama maneno yako yameingia. Kama hayamo, angalia kifungu kinachompa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni. Mambo ya nenosiri, orodha na muda wa kutunza faili mara nyingi huangukia huko, kwa hiyo barua ileile irekebishe, iandikie Wizara ya Afya, na uipeleke kabla kanuni hazijatangazwa kwenye Gazeti la Serikali.