Kujinyoa kwa wembe wa kukunja: kazi ya mkono mwepesi

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hata sisi tusio vinyozi hatuna ruhusa ya kuugusa wembe wa kukunja, ule wembe mrefu wa chuma unaoingia ndani ya mpini wake kama kisu cha mfukoni. Wa kwanza kuushika ulikuwa wa babu yangu, aliyefanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, na kuishi katika kambi ya wafanyakazi hapa Lubumbashi. Ulikuwa umelala ndani ya kisanduku cha mbao pamoja na karatasi zake za kazi, ukiwa na kutu kidogo karibu na msumari wa mpini. Nilipoufikisha shavuni kwa mara ya kwanza niliukandamiza, kama nilivyozoea kukandamiza viwembe vya plastiki, na damu ikanifundisha kwamba chombo hiki hakitaki nguvu hata kidogo. Yote nitakayoeleza hapa, kuanzia maji ya moto hadi ngozi ya kunolea, yana kusudi moja, nalo ni kuuwezesha mkono uwe mwepesi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ajisumbue, ilhali viwembe vya kutupa vinauzwa katika kila kibanda. Swali hilo lina historia yake. Mwaka 1903 kampuni ya King C. Gillette huko Marekani iliuza mashine 51 tu za kunyolea zenye kiwembe cha kubadilisha, na mwaka uliofuata ikauza zaidi ya 90,000. Tangu hapo wembe wa kukunja ulianza kuondoka majumbani na kubaki kwa vinyozi. Faida ya mashine ni kwamba mtu hujinyoa huku akiwaza mambo mengine. Wembe wa kukunja haumruhusu kufanya hivyo, na hapo ndipo penye raha yake. Kwa dakika ishirini au thelathini hakuna simu wala mazungumzo. Kuna uso wako, kioo, na sauti ya makali yakikata ndevu. Sauti hiyo ni ya kweli, kwa sababu bapa la wembe mzuri limekwanguliwa pande zote mbili likawa jembamba mno, na kila unywele unaokatwa hulifanya litoe mlio mdogo unaosikika vizuri katika chumba kimya. Baada ya majuma machache utajua kwa sikio, kabla ya kujua kwa ngozi, kwamba makali yameanza kuchoka.

Kuchagua wembe

Miji mitatu ya Ulaya ilijipatia sifa kwa kazi hii: Sheffield nchini Uingereza, Solingen nchini Ujerumani na Thiers nchini Ufaransa. Huko Sheffield, katika miaka ya 1740, Benjamin Huntsman alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo kikatoka safi na cha namna moja, na ubora huo ulisaidia kutengeneza nyembe ngumu zenye makali ya kudumu. Jina la Solingen limelindwa kwa sheria tangu mwaka 1938, kwa hiyo alama hiyo iliyopigwa kwenye shina la wembe wa zamani, yaani sehemu isiyo na makali iliyo kati ya bapa na msumari wa mpini, ina uzito, ingawa wapo wanaoighushi.

Kwa anayeanza, wembe mkuukuu ulionolewa upya unafaa kuliko mpya wa bei ya chini sana, kwa maana nyingi za hizo zina umbo la wembe tu na chuma chake hakishiki makali. Chukua wenye upana wa 5/8 au 6/8 ya inchi na ncha ya mviringo, kwa sababu ncha kali huchoma sikio na pembe ya mdomo mkono unapokosa uzoefu. Ulaze juu ya kipande cha kioo bapa. Ukichezacheza, umepinda, uache. Kutu ya mgongoni husafishwa, lakini kutu iliyokwisha kula makali ni hasara, na wenye ufa ni hatari. Upo pia wembe wa kukunja unaotiwa nusu ya kiwembe cha kutupa, ule tunaouona kwa vinyozi wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Kwa kinyozi ni chombo sahihi, kwa kuwa kila mteja hupata kiwembe kipya, lakini siushauri kwa kujifunzia, kwa sababu ni mwepesi mno na makali yake hayasamehe kosa.

Jiwe na ngozi

Kunoa kwa jiwe ni elimu ya peke yake. Wembe hulazwa juu ya jiwe ukigusa kwa mgongo na makali kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo ndio unaoweka pembe, na mnoaji hana haja ya kuikisia. Jiwe la namba 1000 hutengeneza makali upya, la 8000 huyalainisha, na wengine humalizia kwa jiwe la asili lenye chembe laini zaidi. Sisi wa mji wa migodi tutafurahi kujua kwamba mojawapo ya mawe yanayosifiwa sana, coticule ya rangi ya njano, huchimbwa katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji, na kinachonoa ndani yake ni chembe ndogo mno za madini ya garnet. Hata hivyo, mwaka wa kwanza mpe mjuzi akunolee. Wembe unaotunzwa vizuri hurudi kwenye jiwe mara chache tu kwa mwaka.

Jambo unalopaswa kulijua wewe mwenyewe tangu siku ya kwanza ni kuupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi kila mara kabla ya kunyoa. Wengi hudhani kwamba chuma hakiwezi kudhurika kwa unywele, lakini mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walionyesha kwamba ndevu, ingawa ni laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara hamsini, huweza kuyamegua makali pale unywele unapoinama na kugusa sehemu dhaifu ya chuma. Ngozi haiwezi kurudisha kilichomeguka, ila huyanyoosha na kuyasafisha makali yaliyosalia. Funga mkanda kwenye kitasa au msumari imara, uvute unyooke bila kulegea, kisha ulaze wembe ukiwa bapa kabisa. Mgongo hutangulia na makali hufuata nyuma. Ukifika mwisho, ugeuze wembe kwa kuuzungusha juu ya mgongo wake bila kuuinua, ndipo urudi. Anayegeuza kwa kupitia upande wa makali hukata mkanda wake na kuuharibu wembe kwa wakati mmoja, na hilo limenipata. Kwenda na kurudi mara arobaini kunatosha. Anza polepole, kwa maana kasi huja yenyewe na haina thawabu yoyote.

Maji kwanza

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: methali hii tunaitumia kwa mambo makubwa ya dunia, lakini aliyeitunga alijua kazi ya wembe. Ndevu kavu ni ngumu. Zikinywa maji ya moto hulainika na kukatika bila kubishana. Katika asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi, mimi huteleka sufuria ndogo juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, natumbukiza kitaulo, nakikamua na kukilaza usoni kwa dakika tatu. Kisha huja povu. Lowesha brashi ya kunyolea, izungushe juu ya sabuni ya kunyolea kwa nusu dakika, uongeze maji matone machache kwa wakati hadi povu liwe zito na lenye kung'aa kama mtindi. Povu lenye mapovu makubwa ya hewa halilindi kitu. Sabuni ya kufulia isitumike, kwani hukausha ngozi.

Mkono wenyewe

Juma la kwanza nyoa mashavu peke yake, na sehemu zilizobaki uzimalize kwa kiwembe chako cha kawaida. Si aibu. Kwanza pitisha vidole usoni ukiwa mkavu ujue ndevu zinaelekea wapi, kwa maana shingoni mara nyingi huota kwa kukingama. Vidole vitatu vikae juu ya shina la wembe, kidole gumba chini yake, kidole cha mwisho juu ya mkia, ile ncha ya chuma inayotokeza nyuma ya msumari, na mpini ukiwa umefunguliwa kuelekea juu. Mkono mwingine utulize ngozi. Uache mgongo wa wembe uwe mbali na ngozi kiasi cha unene wake mara mbili, ambayo ni pembe ya karibu digrii thelathini. Pembe kubwa zaidi hukata ngozi, na ndogo mno hung'oa ndevu. Shuka kwa hatua fupi za sentimeta mbili au tatu, kufuata mwelekeo wa ndevu, ukiuacha uzito wa wembe ufanye kazi. Usiuvute kamwe kwa urefu wake kama mtu akatavyo nyama, hata kwa milimeta moja, kwa kuwa jeraha lake huwa refu. Ukikuponyoka, rudisha mikono na miguu nyuma na uuache uanguke.

Kidevu na chini ya pua huja mwisho, baada ya mwezi au zaidi.

Sisi wenye ndevu za kipilipili tunahitaji neno la ziada. Unywele uliojikunja, ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, hujipinda na kuchoma ngozi ukiwa ndani, na hivyo ndivyo vipele vya ndevu huanza. Kwa hiyo nyoa mara moja tu, kwa kufuata mwelekeo, na usiivute ngozi kwa nguvu, hata kama shavu halitakuwa laini kama la mtoto. Wembe mmoja husaidia kuliko mashine ya nyembe nyingi zilizopangana, lakini si dawa. Mwenye vipele vikali, au ngozi inayoota makovu makubwa, afadhali aziache ndevu zake na amwone daktari wa ngozi.

Ukijikata, suuza kwa maji baridi na ugusishe shabu iliyoloweshwa, damu itakauka. Na wembe wako usiazimwe na mtu yeyote, hata ndugu wa tumbo moja, kwa sababu virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi.

Ukimaliza, suuza bapa tu bila kulowesha msumari wa mpini, likaushe kwa kitambaa kutoka mgongoni kuelekea makali, kisha uuache wazi kwa saa kadhaa. Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, lipake tone la mafuta ya cherehani na uuhifadhi chumbani, mahali pa juu ambapo watoto hawafiki, wala si bafuni penye unyevu. Kesho yake, kabla ya kuugusisha kwenye mkanda, yafute mafuta hayo yote, la sivyo yataingia kwenye ngozi na wembe utateleza.