Kupanda seli za uboho ili uone kila kichochezi cha ukuaji kinafanya kazi gani

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi aliyekuwa na visahani vinane mbele yake, vyote vitupu. Alikuwa amesubiri siku 14 na hakupata koloni (kikundi cha seli zilizotokana na seli moja) hata moja, akadhani amepewa uboho mbovu. Tulipozipima seli zilizobaki zilikuwa hai. Alichokipoteza ni vichochezi, yaani protini zinazoiambia seli iishi na kukua, tena kabla havijaigusa seli yoyote. Hizi ndizo hatua tulizozirudia pamoja, kwa uboho wa binadamu.

Hatua ya 1: Panga visahani

Seli changa ya damu isipopata kichochezi kinachoshika kipokezi chake, hufa. Kwa hiyo jaribio lote linasimama juu ya kulinganisha. Mimi hupanga makundi manne, kila moja visahani viwili:

- bila kichochezi chochote
- EPO (erithropoietini, kichochezi cha seli nyekundu) peke yake, uniti 3 kwa mililita
- EPO pamoja na SCF (kichochezi cha seli changa zaidi), nanogramu 50 kwa mililita
- EPO, SCF, IL-3 na GM-CSF (vichochezi viwili vinavyosaidia pia seli nyeupe), hizi mbili za mwisho nanogramu 10 kwa mililita kila moja

Kundi la kwanza usiliache hata kama vifaa ni haba. Seramu (majimaji ya damu) iliyomo kwenye uji wa kukuzia seli yenyewe hubeba vichochezi kidogo, na bila kundi hilo hutajua kipi kimetoka wapi.

Hatua ya 2: Yeyusha vichochezi

Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu nilipoanza, na ndipo mwanafunzi huyu alipokwama.

Kichupa kipya huonekana kama hakina kitu. Unga ni kidogo mno, na mara nyingi umekwama kwenye kifuniko. Kizungushe kwanza kwenye sentrifugi, ndipo ufungue. Yeyusha kwa kimiminika kilichoandikwa kwenye karatasi ya kichupa hicho hicho, maana SCF na EPO zinaweza kuwa na maelekezo tofauti. Usitikise kwa mashine wala usipulizie pipeti hadi povu litoke. Povu huharibu protini. Geuza taratibu, acha itulie.

Kosa lililotugharimu sote wawili ni kuzimua kwa maji ya chumvi matupu. Protini ikiwa nyingi, kiasi kinachonata kwenye plastiki hakionekani. Ikishafika kiwango cha nanogramu, sehemu kubwa inaweza kubaki ukutani mwa kichupa, nawe ukapandia seli zako maji. Zimua kwa kimiminika chenye albumini (protini ya kawaida ya damu) asilimia 0.1, albumini hushika kuta kwanza na kukuachia kichochezi chako.

Kisha gawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, weka nyuzi 80 chini ya sifuri. Kilichoyeyuka hakirudi kwenye friza. Namwambia kila mtu hili, na kila mara yupo anayerudisha "kidogo tu".

Angalia pia kichochezi kimetoka kwa mnyama gani. IL-3 na GM-CSF za panya haziamshi seli za binadamu.

Hatua ya 3: Seli

Tenga seli zenye kiini kimoja kama kawaida, osha mara mbili, hesabu zilizo hai. Kila kisahani kinahitaji 20,000.

Hatua ya 4: Changanya na methiliselulosi

Methiliselulosi ni uji mzito wa kukuzia seli. Nunua ile isiyo na vichochezi. Yeyusha kwenye friji usiku kucha. Kwenye mililita 3 ongeza mililita 0.3 yenye seli na vichochezi. Jumla ni 3.3, kwa hiyo seli na vichochezi kwenye ile 0.3 viwe mara 11 ya kiwango unachotaka mwishoni, si mara 10. Tikisa kwa nguvu (sasa ruksa, albumini ipo), subiri dakika 5 mapovu yapande. Pima mililita 1.1 kwa kila kisahani ukitumia sirinji yenye sindano nene butu. Pipeti sizikubali hapa kabisa, uji huu hunata ndani na vipimo hupotoka.

Hatua ya 5: Inkubeta

Nyuzi 37, kaboni dioksaidi asilimia 5, na kisahani cha maji kando ya kila jozi, kisifunikwe. Uji ukikauka, koloni hukoma kukua.

Hatua ya 6: Soma

Kundi la EPO peke yake litazame mapema, kabla wiki mbili hazijaisha, kwa kuwa vikundi vyake vidogo vyekundu hukomaa na kuchakaa haraka. Hivyo vinatokana na seli zilizokuwa karibu kukomaa, ambazo EPO inayotoka kwenye figo inatosha kuziweka hai. Ukiongeza SCF, utaona koloni kubwa zenye vishada vingi, maana seli za nyuma zaidi, zilizo changa kuliko hizo, haziitikii EPO peke yake. Kundi la nne huongeza koloni nyeupe za granulosaiti na makrofaji (aina mbili za seli nyeupe), na mara chache koloni mchanganyiko, zenye seli nyekundu na nyeupe pamoja.

Usiandike kwamba umehesabu seli shina, yaani seli mama zinazozaa aina zote za seli za damu. Koloni nyingi ni za seli zilizozaliwa nazo na ambazo zimeshaanza kuchagua njia. Seli shina yenyewe hushikiliwa na vichochezi kama TPO (thrombopoietini), ambayo jina lake linahusu pleteleti, chembe za kugandisha damu, lakini kazi yake inafika mbali zaidi: watoto wanaozaliwa na kipokezi chake kibovu huanza kwa kukosa pleteleti, baadaye uboho wote hushindwa. Hilo halionekani kwenye kisahani cha siku 14. Huthibitishwa kwa kupandikiza seli ndani ya mnyama na kufuatilia damu yake kwa miezi.